Kampuni Ikiahidi Kuacha Msitu wa Asili, Kuni Zitatoka Wapi?

 Vikundi vya Migori na Homa Bay, leo tunaanza na swali lililotoka kwenu wenyewe.

Mwezi uliopita niliketi chini ya mwembe na kikundi kimoja kule Uriri. Wanachama ni kumi na saba, wengi wao ni akina mama, na karibu nusu yao wanalima tumbaku kando ya mahindi na mihogo. Tulipomaliza habari ya akiba na mikopo, mwenyekiti akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi mbili za Kiingereza ambazo afisa wa nyanjani wa kampuni moja ya tumbaku alikuwa amewaachia. Kila mkulima aweke sahihi, au kidole gumba, kabla ya kupewa mbegu na mbolea ya msimu ujao. Nikawasomea. Kwa kifupi ilisema hivi: mimi mkulima nathibitisha kwamba kuni zangu zote za kukaushia tumbaku zinatoka kwa miti iliyopandwa, wala hakuna hata gogo moja lililotoka katika msitu wa asili.

Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Lakini msitu wa asili hapa Uriri uko wapi? Ulikwisha zamani. Sasa tunaapa juu ya kitu gani?" Na mama mmoja akaongeza, "Mimi nina ober mkubwa na siala nne kwa shamba. Sikuzipanda, nilizikuta. Hiyo ni msitu wa asili ama ni miti yangu?"

Hayo ni maswali mazuri kuliko karatasi yenyewe. Niliahidi kuwajibu katika ukurasa huu, na naona ni afadhali nianzie mbali kidogo, kwa kampuni ya karatasi iliyoko Indonesia. Mtaona mwishoni kwa nini.

Karatasi hutoka kwa mti

Karatasi unayoshika hapa ilikuwa mti. Magogo hukatwakatwa vipande vidogo, vipande huchemshwa pamoja na dawa kali mpaka viwe rojo, rojo huoshwa na kutandazwa na kukaushwa. Misonobari ina nyuzi ndefu, hutoa karatasi ngumu kama ile ya mfuko wa simiti. Mikaratusi, yaani bao kama tunavyoiita kwa Kijaluo, na miti ya jamii ya akasia ina nyuzi fupi, nayo hutoa karatasi laini ya kuandikia. Tani moja ya rojo hula mita za ujazo nne au tano za mbao. Kwa hiyo kiwanda kikubwa cha karatasi ni kinywa kisichofungwa, mchana na usiku.

Huko kisiwa cha Sumatra, Indonesia, kuna kampuni kubwa iitwayo Asia Pulp & Paper, ya kundi la Sinar Mas. Kwa miaka mingi viwanda vyake vilijengwa kwanza, halafu mashamba ya miti ya kuvilisha yakaja polepole nyuma. Kinywa kikiwa wazi na shamba halijakomaa, ni nini kitaliwa? Msitu wa asili. Misitu ya chui milia, ya ndovu, na ya watu waliokuwa wakiishi humo kwa utomvu, asali na samaki, ilifyekwa na magogo ya kila aina yakatiwa kiwandani pamoja. Baadaye akasia ikapandwa mahali pake.

Kampuni ilikuwa imeahidi mara kadhaa kwamba itaacha magogo ya asili ifikapo mwaka fulani. Mwaka ukifika, tarehe inasogezwa mbele. Mnamo 2007 shirika la FSC, lile ambalo alama yake ya mti hubandikwa kwa bidhaa za mbao zilizokaguliwa, lilijitenga nayo. Halafu shirika la Greenpeace likabadilisha mbinu. Badala ya kugombana na kampuni peke yake, likaenda kwa wateja wake. Mwaka 2011 likaonyesha kwamba maboksi ya kufungia wanasesere wa Barbie yalikuwa na nyuzi za miti ya misitu ya Indonesia. Kampuni ya Mattel inayotengeneza Barbie ikaaibika, na mwezi wa Oktoba mwaka huo ikatangaza utaratibu mpya wa kununua karatasi. Wateja wengine wakubwa nao wakaondoka. Hapo ndipo sikio likafunguka. Sisemi kampuni hazina dhamiri, ndani yake kuna watu kama sisi, lakini nimeona mara nyingi kwamba dhamiri husikia haraka zaidi mnunuzi akianza kuondoka.

Tarehe 5 Februari 2013 Asia Pulp & Paper ikatangaza sera yake ya kuhifadhi misitu. Kuanzia tarehe 1 ya mwezi huo, ilisema, wote wanaoiletea magogo ndani ya Indonesia wamesimamisha kufyeka msitu wa asili.

Ndani ya ahadi kuna nini

Msichoke, hii ndiyo sehemu inayotuhusu.

Ahadi haikusema tu "hatutakata." Ilisema kwanza kila eneo litapimwa, na mpaka lipimwe, tingatinga lisiingie. Vipimo vilikuwa viwili. Cha kwanza kinauliza thamani ya msitu: je, kuna wanyama adimu, kuna chemchemi, kuna mahali pa matambiko au makaburi, kuna watu wanaopata chakula na dawa humo? Msitu kama huo huachwa hata kama miti yake si mikubwa. Kipimo cha pili kinauliza juu ya kaboni, yaani ile hewa ya ukaa ambayo mti umeivuta na kuifungia ndani ya shina na mizizi. Picha za setilaiti zikisaidiwa na watu wanaopima miti kwa miguu hugawanya ardhi: msitu mnene, msitu uliokatwa kidogo, msitu mchanga unaoota tena, vichaka, halafu ardhi wazi. Kuanzia msitu mchanga kwenda juu, huguswi. Vichaka vidogo na ardhi wazi vinaweza kulimwa.

Angalieni jambo hapo. Msitu mchanga unaoota tena unahesabiwa kuwa msitu. Kwa mtu wa ofisini ni sawa kabisa. Lakini kwa mkulima aliyepumzisha shamba miaka kumi ili udongo urudishe nguvu, setilaiti inaweza kuona msitu mahali ambapo yeye anaona shamba la babu yake. Ndiyo sababu sera ile iliongeza jambo la watu: kabla ya kuanzisha shamba jipya la miti, wenyeji waulizwe mapema, waelezwe yote, na wawe huru kukubali au kukataa bila kutishwa. Kukataa ni jibu halali. Maneno haya yamekuwa maarufu duniani sasa, na kila kikundi kiyajue.

Kulikuwa pia na habari ya ardhi ya peti. Huo ni udongo mweusi wa mabwawa, uliojengwa na majani na miti iliyooza nusu nusu ndani ya maji kwa maelfu ya miaka. Ukichimba mifereji na kuukausha, unakuwa kama makaa. Ukishika moto, unaungua chini kwa chini wiki nyingi hata mvua isiuzime.

Je, ahadi ilitimizwa? Nusu ndiyo, nusu la. Shirika la Rainforest Alliance lilialikwa kukagua, na ripoti yake ya Februari 2015 ilisema kwamba wenye kuleta magogo walikuwa wameacha kufyeka msitu wa asili. Hilo si dogo. Lakini msitu uliendelea kupungua ndani ya maeneo hayo hayo, kwa sababu watu wengine, wezi wa mbao na wafyekaji, waliingia na hakuna aliyewazuia ipasavyo. Na migogoro ya ardhi na vijiji, ambayo ilikuwa mamia, ilitatuliwa kwa mwendo wa kobe. Mwishoni mwa mwezi huo huo wa Februari 2015, kijana mkulima mmoja wa jimbo la Jambi, mtetezi wa ardhi ya wenzake, aliuawa na walinzi wa eneo la mmoja wa wale wenye kuiletea kampuni magogo. Baadaye mwaka huo huo moto ulizuka sehemu nyingi za Indonesia, hasa kwenye peti iliyokaushwa. Benki ya Dunia ilihesabu kwamba takriban hekta milioni 2.6 ziliungua katika nchi nzima, kwenye ardhi za makampuni na za watu wengine. Kaunti yetu yote ya Migori, iweke mara kumi. Moshi ulifunga shule hata Singapore na Malaysia.

Kisha mwaka 2018 Greenpeace, waliokuwa wamekubali kushirikiana na kampuni baada ya sera ile, wakajitoa. Walisema wamegundua ufyekaji wa msitu katika makampuni yenye uhusiano na kundi hilo. Kumbe mkono wa kulia ulikuwa umeahidi, na mkono wa kushoto ulikuwa bado kazini. Mtu akiweka ahadi mbele ya kikundi chenu, muulizeni: ahadi hii inafunga nani? Ni wewe peke yako, ama na ndugu zako wote wa biashara?

Webuye yetu

Wengine watasema hayo ni ya Waindonesia. Basi turudi nyumbani. Wengi wetu tulijifunza kuandika kwenye madaftari ya karatasi ya Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, au Panpaper, kilianza kazi miaka ya 1970 kando ya mto Nzoia, kikiwa mali ya serikali ya Kenya pamoja na watu wa Birla kutoka India na tawi la Benki ya Dunia. Aliyepita pale kwa matatu anakumbuka ile harufu. Wenyeji walilalamika miaka mingi juu ya hewa, na juu ya mabati yao yaliyooza upesi.

Kwa upande wa miti, Panpaper ilitumia hasa misonobari na mitarakwa ya mashamba ya serikali, kama yale ya Turbo. Hiyo ilikuwa njia bora kuliko ile ya Sumatra, tukubali. Lakini shamba la miti nalo linaweza kukatwa kuliko linavyopandwa. Mwaka 1999 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu yake, makampuni machache makubwa yaliruhusiwa kuendelea, na Panpaper ilikuwa mojawapo. Mwenye kisu kidogo akaambiwa aweke chini, mwenye msumeno mkubwa akaambiwa endelea. Maneno hayo yalisemwa sana katika mabaraza ya wakati ule, na mimi bado nayaona ni ya haki.

Mapema mwaka 2009 kiwanda kilifungwa kwa madeni, ya stima na ya mabenki. Wafanyakazi zaidi ya elfu moja wakabaki hivi hivi, na mji wote wa Webuye ukapoa. Mwaka 2016 kikauzwa kwa kundi la Rai. Nayaeleza haya kwa sababu moja. Mti ni mkopo wa miaka mingi. Anayepanda miti kwa mnunuzi mmoja tu amefunga ng'ombe wake kwa kamba ya mtu mwingine. Mnunuzi akianguka, mti uko pale unaendelea kunenepa, lakini ada ya shule haingoji.

Sasa karatasi ya Uriri

Ahadi huteremka. Mnunuzi wa sigara au wa karatasi huko Ulaya anataka kusema kwamba bidhaa yake haikumaliza msitu. Anaiambia kampuni kubwa. Kampuni kubwa inaiambia kampuni ya hapa. Ya hapa inamwambia afisa wa nyanjani, na afisa anapanda pikipiki kwenda Uriri na karatasi mbili. Makampuni ya tumbaku yamejiwekea malengo ya aina hii kwa miaka kadhaa sasa, kwamba wakulima wao wasitumie kuni za misitu ya asili. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha sheria mwaka 2023 juu ya mbao, karatasi, kahawa, kakao na vitu vingine vichache, kwamba visitoke katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, na tumbaku haimo. Lakini wenzetu wa kahawa, wajue kwamba siku moja wataulizwa shamba lao liko wapi kwenye ramani.

Lengo lenyewe ni jema. Tumbaku inayokaushwa kwa moto inakula kuni vibaya. Banda moja huwashwa karibu wiki nzima, usiku na mchana, na mtu analala pale akichochea. Tangu wakulima wa Migori na Kuria waanze kulimia kampuni ya BAT katika miaka ya 1970, na nyingine zikafuata, mnajua wenyewe vilima vimekuwaje. Tumbaku haiko peke yake. Kuna makaa, kuna tanuri za matofali, kuna viwanda vya sukari nguru, kuna kukaanga mbuta kule ufuoni, kuna jikoni za shule zetu, zikiwemo za kanisa. Kilima cha Wire karibu na Oyugis kilikatwa mpaka mawe yakaonekana. Gwassi bado ina msitu juu, lakini magunia ya makaa yanateremka.

Shida yangu na karatasi ile ni hesabu ya miaka. Kampuni inasema kuanzia msimu ujao kuni ziwe za kupandwa. Haya, bao ukiipanda leo kwenye udongo mzuri itafaa kwa kuni baada ya miaka mitano hadi saba. Kuni za hiyo miaka mitano zitatoka wapi? Zitanunuliwa. Lori litakuja usiku, mwenye lori atasema kuni zangu ni za shamba la mtu. Pengine zimetoka Gwassi. Pengine zimetoka Nyakweri, kule Trans Mara, msitu wa asili ambao umeliwa sana na makaa na mashamba. Mkulima atakuwa ameshaweka sahihi. Msitu umekatwa, kampuni iko safi kwa karatasi, na mwenye kosa ni mama wa Uriri. Hicho ndicho kilichotokea Sumatra kwa namna nyingine: ahadi ya juu ilikuwa safi, msitu chini ukaendelea kupungua.

Kwa hiyo msikatae ahadi, ila iulizeni maswali. Kwanza, msitu wa asili kwa maana ya karatasi hii ni nini? Miti iliyojiotea ndani ya shamba lako lenye hati, kama ile ober ya mama yetu, kwa kawaida si msitu bali ni miti ya shambani. Lakini karatasi iseme hivyo waziwazi, kwa maandishi, isiwe ni maneno ya afisa aliyehamishwa Meru mwezi ujao. Vipi kuhusu kichaka ulichopumzisha? Vipi miti ya kando ya mto Kuja, na ile ya mahali pa wazee? Hiyo ya mto na ya wazee mimi naona iachwe kabisa, karatasi au bila karatasi.

Halafu ulizeni tarehe. Kuni zilizoko uani leo, zilizokatwa mwaka jana, zinahesabiwa? Kampuni itatupatia nini katika miaka ya kungojea miche ikue? Je, itakubali banda la kukaushia linalookoa kuni, na nani atalijenga? Miche wanayoleta ni ya bure, ama itakatwa kwenye malipo ya majani? Hapa wengi wameumia. Unapewa miche mia tano, ishirini tu inapona kwa sababu ililetwa kiangazi, na mwisho wa msimu unakuta umelipia yote. Na mkaguzi akija akikuta gogo moja la siala chini ya banda, ni nani anaamua, na mkulima atajitetea wapi? Mahali ambapo hakuna njia ya kulalamika, sahihi yako ni kamba tu.

Nakala ibaki kwa kikundi. Iwe kwa Kiswahili, Kijaluo au Kikuria, kulingana na wenyeji. Mtu asiweke kidole gumba kwa Kiingereza asichokisoma, hata kama mbolea iko kwa lori pale nje ya boma.

Hesabu ya miti

Wakati huo huo tusingoje kampuni. Kila mwanachama ahesabu marundo ya kuni aliyochoma msimu uliopita, bandani na jikoni, ayaandike. Bila hesabu hiyo, mnapanda kwa kubahatisha. Kisha chukua robo ekari. Kwa nafasi ya mita mbili kwa mita mbili, ekari moja inachukua miti kama elfu moja, kwa hiyo robo ni mia mbili na hamsini. Usiipande yote siku moja. Gawa sehemu sita, panda sehemu moja kila mwaka, miti kama arobaini. Mwaka wa saba unakata sehemu ya kwanza, mwaka wa nane ya pili, na hivyo hivyo. Bao huchipua tena kutoka kisikini, kwa hiyo hupandi upya kila mara. Acha chipukizi mbili nzuri, ondoa zile nyingine. Miti arobaini kwa mwaka haitoshi banda la tumbaku, nasema wazi, ila jikoni yako imetosheka. Mwenye banda atahitaji zaidi sana, na hapo ndipo ataanza kujiuliza kama tumbaku inalipa kweli, akijumlisha ardhi ya kuni. Wengine Migori wamekwisha kujiuliza. Tangu 2021 na 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya, ya kilimo na ya chakula pamoja na serikali yamesaidia wakulima wa tumbaku wa kaunti hii kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma, wakiwa na mnunuzi wa uhakika. Habari hiyo tutaiandika siku nyingine kwa urefu.

Msipande bao kando ya mto au chemchemi. Inakunywa sana, na mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati ule, marehemu Michuki, aliagiza ing'olewe mahali kama hapo. Mtoni acheni miti ya kienyeji ijiotee, na mahali pamelala wazi rudisheni ng'owo na ober. Kwenye mpaka wa shamba la mahindi wekeni grevilia au siala. Oyieko hukua haraka, ndani ya mwaka mmoja au miwili una vijiti vya jikoni, na udongo unapata nguvu. Kitalu cha kikundi kianzwe miezi mitatu au minne kabla ya mvua ya Machi, ili miche iwe na kimo inapotoka.

Kumbukeni pia sheria. Katiba yetu, kifungu cha 69, inaitaka serikali ifikishe miti angalau asilimia kumi ya nchi, na kanuni za kilimo za 2009 zinamtaka mwenye shamba afanye hivyo hivyo kwake. Wanaoishi karibu na msitu wa serikali, kama watu wa Wire na Gwassi, wanaweza kuunda chama cha msitu cha jamii na kuusimamia pamoja na shirika la misitu. Kusafirisha mbao au makaa kunahitaji kibali, kwa hiyo mwenye lori akija na kuni, mwambieni aonyeshe kibali chake, mwandike namba ya lori na mahali zilikotoka. Daftari hilo litawasaidia siku mkaguzi atakapokuja.

Kikundi cha Uriri hawakuweka sahihi siku ile. Walimtuma katibu amwambie afisa arudi Alhamisi, baada ya soko, akiwa na nakala ya Kijaluo na jibu la swali la miaka mitano. Afisa amekubali kuja, nakala bado hajapata. Mama mwenye ober amekwisha kuizungushia chokaa nyeupe kwenye shina, na siala zake nne pia, na mumewe amechora ramani ya shamba upande wa nyuma wa kalenda ya mwaka jana, kila mti ukiwa na alama yake.